UZI: Ploti ya 50 kwa 100 ilitoka wapi? Historia fupi ya ardhi ya Kitengela, na njia nne za kujenga kesho

1/ Kila msimu wa kampeni ukifika, ukipita barabara ya Namanga utasikia hotuba tatu. Wa kwanza: "Hakuna mtu atawaambia msiuze ardhi yenu!" Makofi. Wa pili: "Tutajenga nyumba za bei nafuu kila wadi!" Makofi. Wa tatu: "Malisho yetu yamemalizwa na watu wa kuja!" Makofi tena, na mara nyingi ni mikono ileile inayopiga.

2/ Kama kawaida ya hapa, hatutaji chama, hatutaji mgombea. Tunachambua jambo lenyewe. Leo tunauliza: watu wanazidi kuongezeka sehemu ambazo si mji kamili na si mashambani kamili. Nyumba zao zijengwe wapi, na nani alipie barabara, maji na mitaro?

3/ Nitatumia Kitengela na nyanda za Kaputiei, Kaunti ya Kajiado. Niseme ukweli mapema: mimi si mtazamaji tu. Nina ploti huko. Kwa hivyo nikisema "watu wa kuja", mimi ni mmoja wao. Twende pole pole.

4/ Tuanze mwanzo. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Jina lenyewe ni la Kimaasai, linahusu maji baridi. Kambi ya reli ikawa mji, na mji ukahitaji ardhi. Mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni iliandikiana mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakaondolewa Bonde la Ufa kuzunguka Naivasha na Nakuru. Waligawanywa sehemu mbili: wengine Laikipia, wengine kusini mwa reli.

5/ Mkataba ule ulisema utadumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwepo kama jamii. Ulidumu miaka 7. Mwaka wa 1911 ukaletwa mkataba mwingine, na wale wa Laikipia nao wakahamishwa kusini, ili Laikipia ipewe walowezi. Walienda kortini mwaka wa 1913. Kesi ikatupwa, hoja ikiwa kwamba mkataba wa aina ile si jambo la korti kuamua.

6/ Mbona nimerudi nyuma hivi? Kwa sababu ukienda mkutano wa hadhara leo useme "serikali ina mpango wa kusimamia ardhi yenu", mzee aliyekaa mbele hasikii neno "mpango". Anasikia 1904 na 1911. Yeyote anayetaka kupanga makazi Kajiado aanze kwa kuelewa hilo.

7/ Mwaka wa 1946 ikatengwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini. Ni kilomita mraba 117 hivi, na wafugaji wakapoteza malisho na maji ya hapo. Baadaye pande tatu zikawekwa ua. Upande wa kusini ukaachwa wazi, kwa sababu mbuga yenyewe ni ndogo mno. Nyumbu na pundamilia walitoka kwenda nyanda za Kaputiei mvua ikinyesha, wakarudi mtoni wakati wa kiangazi. Yaani mbuga ilitegemea ardhi ya wafugaji, na wafugaji hawakuwa wanalipwa chochote kwa hilo.

8/ Baada ya Uhuru, mwaka wa 1968, ilipitishwa sheria ya ranchi za vikundi. Wazo lilikuwa hivi: badala ya ardhi kubaki chini ya baraza la wilaya, kikundi cha familia kipewe hati moja kwa pamoja, kipate mikopo, kichimbe visima na majosho, kipunguze mifugo. Benki ya Dunia ilifadhili. Ranchi za mwanzo kabisa Kajiado zilikuwa hukuhuku Kaputiei.

9/ Kwa nini wafugaji walikubali? Si kwa sababu walitaka kupunguza ng'ombe. Walitaka karatasi. Waliona jirani zao na wakubwa wakijikatia mashamba ya binafsi. Hati ya kikundi ilikuwa ngao. Lakini kitabu cha wanachama kiliandika hasa wanaume wenye boma. Wanawake wengi hawakuandikwa. Vijana waliozaliwa baadaye wakabaki wakingoja.

10/ Ngoja ngoja ile ilichosha watu. Kamati za ranchi zililaumiwa kwa upendeleo, mikopo ikawa mzigo, na kila familia ikaanza kuuliza, "Changu ni kipi?" Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa. Kila mwanachama akapata hati yake, ardhi ya makumi ya hekta. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kabla ya hapo ungeweza kuuza ng'ombe. Sasa ungeweza kuuza ardhi yenyewe.

11/ Na wanunuzi walikuwa njiani. Mwaka wa 1990 ilipitishwa sheria ya viwanda vya kuuza nje, na eneo la viwanda hivyo likawekwa Athi River, mlangoni kabisa mwa Kitengela. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji vyumba vya kupanga. Kukaja mashamba ya maua. Kisha barabara ya Namanga ikakarabatiwa vizuri. Mtu wa Nairobi aliyechoshwa na kodi akaona anaweza kumiliki kitu umbali wa matatu moja tu.

12/ Matokeo yako kwenye sensa. Mji wa Kitengela ulihesabiwa watu 58,167 mwaka wa 2009. Mwaka wa 2019 walikuwa 154,436. Miaka 10 tu, zaidi ya mara mbili na nusu. Kaunti nzima ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840. Tukumbuke hao wote wanaoga, wanapika, wanaenda choo na watoto wao wanaenda shule.

13/ Sasa tuje kwa ploti yenyewe. Chukua kalamu, hesabu ni rahisi. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Broka anakwambia hiyo ni "eighth", yaani thumni ya ekari. Lakini thumni halisi ni 5,445.

14/ Akikata ploti 8 kwa ekari, ametumia futi 40,000. Zinabaki 3,560. Hiyo ni asilimia 8 hivi ya ekari, na hapo ndani unatakiwa kuingiza barabara, mtaro, bomba, nguzo za stima, shule, zahanati, soko, uwanja wa watoto. Haitoshi hata barabara yenyewe vizuri.

15/ Sasa chukua shamba la ekari 100 likatwe hivyo. Ni ploti 800. Weka watu 4 kila ploti, ni watu 3,200. Kila mmoja atumie lita 50 za maji kwa siku, ambazo si nyingi: lita 160,000. Yaani malori 16 ya lita 10,000 kila siku, kwenye barabara ambayo haikuachiwa nafasi. Na hakuna hata ekari moja ya shule. Hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi hapo. Kila mtu aliuza au alinunua kipande chake kidogo tu.

16/ Mimi nilionyeshwa ramani yenye barabara ya mita 9. Nilipoenda kuweka beacon, jirani wa mbele alikuwa ameshachimba msingi nusu ya hiyo barabara. Aliyetuuzia akaacha kushika simu. Tukaketi majirani 11, tukachanga pesa, tukamlipa mpima ardhi tena, kila mmoja akarudisha ua nyuma kidogo. Lori la maji linapita sasa, likirudi kinyumenyume. Hiyo ndiyo "miundombinu" yetu, na wengi mnaosoma hapa mnajua nasema nini.

17/ Halafu kuna udongo. Nyanda hizi ni udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Msingi ni lazima uchimbwe hadi upate pagumu, na tangi la maji taka halinyonyi vizuri. Maji ya visima vingi yana floraidi nyingi. Angalia meno ya watoto waliokulia hapo. Bomba kubwa la Nolturesh linaleta maji kutoka chini ya Kilimanjaro, lakini linagawana Kajiado, Machakos na Athi River. Na mafuriko ya 2024 yalitukumbusha kwamba mto una kumbukumbu: watu wa Kitengela waliokolewa kwa maboti.

18/ Basi tufanye nini? Nimezisikia njia nne. Kila moja ina mtetezi jukwaani, na kila moja ina bei ambayo mtetezi haitaji. Tuzipime moja moja.

19/ NJIA YA KWANZA: tuendelee vivi hivi. Kila mwenye hati akate, auze. Uzuri wake upo, tusidanganyane. Ndiyo njia pekee iliyomfanya mwalimu, mhudumu wa duka na dereva wamiliki kitu bila kuomba benki. Wamejenga chumba kimoja, wakaingia, wakaongeza cha pili. Hakuna mradi wa serikali uliowapa nyumba watu wengi hivyo.

20/ Bei yake: gharama zote zinakuja nyuma, na zinalipwa na asiyeuza. Aliyekata ekari 100 ameshaenda na pesa. Barabara, maji na mtaro vinabaki kwa kaunti, na kupeleka bomba kwa nyumba 40 zilizotawanyika ndani ya ploti 800 ni ghali mno. Na familia iliyouza? Wengine walisomesha watoto, wakajenga vyumba vya kupanga, wako sawa kabisa. Wengine walinunua gari. Leo kuna vijana wanaolinda geti la mtaa uliojengwa pale babu yao alichunga ng'ombe.

21/ NJIA YA PILI: tujenge juu. Miji iliyopo, Kitengela, Isinya, Kajiado mjini, ijazwe kwanza. Ghorofa 4 au 5 karibu na barabara kuu, bomba la maji taka moja, shule moja inayofikika kwa miguu. Ndipo ardhi ya nje ipumue. Kwa hesabu ya bomba na barabara, hii ndiyo nafuu kwa kila nyumba. Na tangu sheria mpya ya hati za nyumba za ghorofa ya 2020, mtu anaweza kupata hati ya nyumba yake mwenyewe hata iwe ya juu kabisa.

22/ Bei yake: kwanza, maji na mfumo wa maji taka lazima vitangulie. Ghorofa bila bomba la maji taka ni lori la kunyonya choo kila wiki, na tumeona maghorofa ya vyumba vya kupanga yaliyojengwa hivyo. Pili, Mkenya anapenda udongo. Ukimwambia achukue nyumba ghorofa ya tatu badala ya ploti, atakuuliza, "Na mama akija kutoka nyumbani, kuku atawaweka wapi?" Usicheke, ni swali la maana. Kwa wengi ploti ndiyo bima ya uzeeni.

23/ Na kuna kumbukumbu ya watu kukusanywa pamoja. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, zaidi ya watu milioni 1 Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walilazimishwa kuhamia vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki na walinzi. Baadaye wengi walirudi kwenye vipande vyao vilivyopimwa. Wajukuu wao ndio wanunuzi wengi wa ploti leo. Kuwa na kipande chako, mbali na macho ya serikali, si ushamba. Kina historia yake.

24/ NJIA YA TATU: mji mpya kabisa. Chora kwenye karatasi tupu, weka barabara na mabomba kwanza, halafu watu waje. Mfano uko karibu: Konza, kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Malili, ekari 5,000 hivi. Jembe la kwanza lilichimbwa Januari 2013. Mabomba na barabara zake ni za mpangilio ambao Kitengela haijawahi kuota.

25/ Bei yake ni muda na pesa. Zaidi ya miaka 10 imepita. Katika muda huohuo wa muongo mmoja tuliona Kitengela ikiongeza watu karibu laki moja bila kusubiri mtu. Tena mpango wa Konza uliweka eneo la kinga la kilomita 10 kuuzunguka mji, na wenye mashamba ndani yake wakajikuta wana ardhi yenye masharti ambayo hawakuyaomba. Mji mpya ni mzuri kwa viwanda na ofisi. Kwa mtu anayetafuta chumba mwezi huu, hausaidii.

26/ NJIA YA NNE: walipwe wasiouza. Hii ilijaribiwa hukuhuku. Kuanzia mwaka wa 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa mbuga shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, ili wasiweke ua, wasichimbe mawe na waache wanyama wapite. Malipo yalipangwa yalingane na kufunguliwa kwa shule, na mamia ya familia walijiunga. Hiyo ni heshima ambayo 1904 na 1946 hazikutoa: kumuuliza mwenye ardhi, na kumlipa.

27/ Bei yake: piga hesabu. Mwenye ekari 100 alipata 30,000 kwa mwaka. Broka anakuja na laki kadhaa kwa ploti MOJA. Na pesa za mpango zilitoka kwa wafadhili, ambao leo wapo na kesho hawapo. Nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu miaka ya 1970 wamebaki wachache sana. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilipewa mfuko mdogo.

28/ Sasa sheria inasema nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inatupa haki ya makazi ya kutosha na ya maji safi. Kifungu cha 66 kinairuhusu serikali kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, hata ya binafsi, kwa ajili ya mipango. Kwa hivyo anayesema "hati yangu, nafanya nitakavyo" amesoma nusu. Na anayesema "nyumba ni haki yangu, niijenge popote" naye amesoma nusu.

29/ Kupanga ni kazi ya kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Soma tena hapo. Sheria ya 2019 ya mipango ya ardhi nayo inataka kibali kabla ya kugawanya shamba au kubadilisha matumizi yake. Kitengela, Isinya na Kipeto walikuwa na mpango wao wa matumizi ya ardhi hata kabla ya ugatuzi. Karatasi hazijawahi kutupungukia. Tulichokosa ni mtu wa kusema "hapana" kwa mwombaji mwenye nguvu, na wa kusema "ndiyo, na hii hapa pesa" kwa mzee anayeombwa asiuze.

30/ Na ile ada ya nyumba? Tangu sheria ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Unaweza kuipenda au kuichukia. Lakini swali ambalo halisikiki jukwaani ni hili: pesa hizo zikijenga nyumba tu bila bomba kuu la maji na la maji taka, je, hatutakuwa tumejenga njia ya kwanza, ila kwa ghorofa?

31/ Msimamo wangu, na mnaruhusiwa kupinga: njia ya pili ndiyo iwe uti wa mgongo, lakini bomba litangulie ghorofa. Ya nne ipewe mfuko wa kudumu wa umma, maana sote wa jiji tunafaidika na ardhi ile kubaki wazi, ikiwemo kunyonya mafuriko. Ya kwanza isipigwe marufuku, ila anayekata shamba atoe ardhi ya barabara na shule KABLA ya kuuza ploti ya kwanza, na ramani ibandikwe ofisi ya chifu kila mtu aione. Ploti yangu ingekuwa ghali zaidi kwa sheria hiyo. Pengine nisingeimudu. Nakubali hilo, na linaniuma.

32/ Kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mimi nilipata kipande changu kwa sababu hakuna aliyepanga. Kijana wa leo akija na mshahara kama niliokuwa nao, nikimwambia "sasa tumefunga, panda ghorofani", ana haki ya kuniuliza mimi ni nani. Na kijana wa Kimaasai ambaye baba yake hakuuza, nikimwambia "asante, endelea kutotuuzia", naye ana haki ya kuniuliza nitamlipa nini. Mpango wowote usio na jibu kwa hao wawili hautafika mbali.

33/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu, wa upande wowote, msimuulize kama anapenda maendeleo. Wote wanapenda. Muulizeni haya matano:
– Mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti uko wapi, na tunaweza kuuona?
– Maji ya nyumba mpya 1,000 yatatoka bomba gani?
– Nani analipia barabara: anayekata shamba, anayenunua, au sote?
– Asiyeuza analipwa nini, na kutoka mfuko upi?
– Ni ombi gani la kugawanya shamba uko tayari kulikataa, hata la rafiki yako?

34/ Akijibu la tano bila kuzungukazunguka, msikilizeni mpaka mwisho. Akiruka yote akaanza kuwalaumu "watu wa kuja" au "watu wasiotaka kuendelea", mrudisheni kwenye hesabu ya ekari moja: 40,000 zimeuzwa, 3,560 zimebaki. Mwambieni aonyeshe shule itakaa wapi.

35/ Mwisho wa uzi. Walio Rongai, Juja, Ruiru, Joska, Mtwapa na viungani mwa Eldoret, tuambieni huko kwenu barabara ya kwenye ramani ni mita ngapi, na ardhini ni mita ngapi. Tutakusanya majibu.